Ya kulegeza au ya kujaza? Tuliyomjibu shoga yetu kuhusu sindano za makunyanzi

Leo hatuji na mshono mpya wala mapishi ya futari. Tunakuja na swali ambalo tumelala nalo wiki mbili, na jibu ambalo aliyeuliza hakulipenda.

Shoga yetu mmoja anauza vitambaa na mabaibui. Kila baada ya miezi michache huenda Dubai kuchukua mzigo, na sisi mafundi huungoja mzigo huo kama watoto wanavyoingoja Iddi. Ana miaka 44, ameachika miaka sita sasa, na watoto wake ni wakubwa. Mwaka huu amekuja mtu kumposa, mkaazi wa Maskati lakini wazee wake ni wa hapa hapa Unguja. Wameonana kwenye simu tu, kaka mtu akiwa pembeni. Ana kwa ana bado.

Jioni moja alikuja kupima gauni lake la nikaha. Akasimama mbele ya kioo chetu kirefu, akakisogelea mpaka pua ikakaribia kukigusa, akaweka kidole katikati ya nyusi.

"Fundi, nyinyi mnasomasoma. Safari hii nikifika Dubai nichome ipi? Ile ya kulegeza au ile ya kujaza?"

Tukamjibu kwa mzaha kuwa sisi sindano zetu ni za kitambaa. Hakucheka. Akasema kliniki ameshaiona kwenye simu, bei ameshaulizia, na pesa aliyoitaja ingetutosha kununua mashine ya overloku na chenji ikabaki. Tukaona hili si la mzaha tena.

Wengi tunaozungumza nao hudhani sindano za uso ni kitu kimoja, na zote huziita Botox. Si kitu kimoja. Hebu tuanze na kitambaa, maana huko ndiko tunakokujua.

Kitambaa hufanya mikunjo kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni uzi wa cherehani uliokazwa mno. Mshono unavuta, na kando yake nguo inajikunja. Utapiga pasi, itanyooka, ukivaa nusu saa imerudi palepale. Dawa yake ni kulegeza uzi. Ya pili ni kitambaa kukosa mwili, kama kola isiyotiwa gamu au bega lisilo na pedi. Hakivutwi na kitu, kinalala tu kwa sababu ndani hamna cha kukishika. Hapo hata ulegeze nyuzi zote hupati kitu. Dawa yake ni kutia kitu ndani.

Uso nao ni hivyo. Mistari ya katikati ya nyusi, ya kwenye paji na ya pembeni mwa macho huletwa na misuli inayovuta ngozi mara elfu kwa siku, tukikunja ndita, tukicheka, tukikodoa macho kwenye jua la saa saba. Ile mistari miwili inayoshuka kutoka puani mpaka pembe za mdomo, na mashavu yanayobonyea, kwa sehemu kubwa hutokana na kupungua kwa mafuta ya chini ya ngozi na kolajeni, na hata mifupa ya uso hupungua kadiri umri unavyokwenda. Jitazame kwenye kioo ukiwa umetulia, kisha kunja ndita, kisha tulia tena. Mkunjo unaokuja na kuondoka ni wa kuvutwa. Uliolala palepale hata ukiwa umetulia umeshakuwa wa ngozi yenyewe au wa kukosa mwili.

Sindano ya kulegeza ndiyo Botox na ndugu zake. Ni sumu, tusizungushe maneno. Hutengenezwa na bakteria aitwaye Clostridium botulinum, yule yule anayeweza kuua mtu kwa chakula cha kopo kilichosindikwa vibaya. Kiasi kidogo mno kikichomwa kwenye msuli, huzuia ujumbe wa mshipa wa fahamu usiufikie msuli huo, nao ukapumzika. Ilianza kama dawa ya macho. Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa ajili ya makengeza na kope zinazojifumba zenyewe. Daktari wa macho wa Vancouver huko Kanada, Jean Carruthers, ndiye aliyesikia kutoka kwa mgonjwa wake wa kope kuwa mistari ya nyusi nayo imelainika. Yeye na mumewe Alastair, daktari wa ngozi, wakaliandikia jambo hilo mwaka 1992. Ruhusa ya Marekani kwa ajili ya mistari ya nyusi ilikuja 2002. Ukichomwa leo hutaona kitu leo. Huanza kushika baada ya siku chache, hukamilika kwenye wiki mbili, na baada ya miezi mitatu au minne msuli unarudi kazini.

Ndani ya hiyo ya kulegeza yapo majina. Botox, Dysport na Xeomin ndizo utakazozisikia zaidi. Hapa dada zetu wanaibiwa, kwa sababu zinauzwa kwa yuniti. Kipimo kinachoandikwa kwa mistari ya katikati ya nyusi ni yuniti 20 za Botox, au 20 za Xeomin, au 50 za Dysport. Mtu anasikia mahali fulani yuniti ni rahisi, anakimbilia, kumbe ni Dysport na atachomwa nyingi zaidi. Sisi hili halitushangazi. Futi yetu ya kupimia ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili, na fundi mwanafunzi akisoma upande usio wake anaharibu kitambaa cha watu. Ila inchi na sentimita zina hesabu ya kubadilishana, na hizi yuniti hazina. Kila dawa ina kipimo chake na haibadilishwi kwa nyingine kienyeji. Basi usiulize bei ya yuniti. Uliza bei ya eneo zima na jina la dawa. Na kama una mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, Dysport si yako.

Sindano ya kujaza ni mambo mengine kabisa. Iliyozoeleka ni asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho na kazi yake ni kushika maji. Restylane ilipata ruhusa Marekani mwaka 2003, Juvederm 2006. Hii haimgusi msuli. Inakaa chini ya ngozi kama pedi kwenye bega, na matokeo unayaona siku hiyo hiyo pamoja na uvimbe wake. Hukaa miezi sita, mwaka, pengine zaidi kidogo, kutegemea aina na mahali. Faida yake kubwa ni kwamba kipo kimeng'enya, hayaluronidasi, kinachoweza kuchomwa kikaiyeyusha. Radiesse, ambayo ni ya chembe za kalsiamu, na Sculptra, inayochochea ngozi itengeneze kolajeni yake, zote mbili haziyeyuki kwa kimeng'enya hicho. Ukijuta unajuta mpaka ziishe zenyewe.

Na ipo silikoni ya maji. Hii tunaisema kwa sauti: usiikubali, hata ukiambiwa ni ya bure. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaruhusu ichomwe usoni wala mwilini kwa ajili ya urembo. Huweza kuhama, ikaleta vinundu na vidonda hata baada ya miaka, na kuitoa ni kazi ya kisu. Anayekwambia "hii ya kwangu ni ya kudumu" anakutangazia hatari kama vile anakutangazia ofa.

Mpaka hapa shoga yetu alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. "Basi katikati ya nyusi ya kulegeza, mdomoni ya kujaza. Nichome zote siku ya mwisho, mzigo nikishaupakia."

Siku ya mwisho! Hapo ndipo tulipogombana.

Tukuambieni kisa. Mwaka juzi tulishona nguo za harusi moja ya mjini, za bibi harusi, dada zake na mama yao. Mama mtu, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mzuri maashaallah, alikuja kupima mara ya mwisho siku nne kabla ya nikaha, kavaa miwani myeusi ndani ya nyumba. Akavua. Kope la jicho la kulia limeanguka mpaka nusu ya mboni.

"Wanangu, nimepatwa."

Nyumbani kwao ilikuwa kishindo. Dada yake alisema ni hasadi ya watu wa harusi. Kaletewa kombe kanywa. Kijana wake akaona hiki ni kiharusi, akamkimbiza hospitali. Daktari, mtu makini, akauliza swali ambalo lingemaliza yote: mama, umechomwa sindano yoyote usoni? Mbele ya watoto wake wa kiume akajibu hapana. Wakaanza kumpima hiki na kile, pesa zinakwenda, harusi inakaribia. Sisi ndio tuliokuja kuambiwa, huku tukimpima kiuno: siku nane nyuma alikwenda Dar kwenye saluni moja, akachomwa kwenye paji na mtu ambaye hakumwambia jina la dawa wala kumwonyesha kichupa.

Tulimsihi arudi kwa daktari aseme. Alirudi. Akaambiwa dawa imesambaa mpaka kwenye msuli unaonyanyua kope, kwamba hutokea hata kwa madaktari wazuri, na kwamba hakuna sindano ya kuiondoa. Ataingoja iishe. Iliisha, kwenye wiki ya tano. Picha zote za harusi ya mwanawe anatazama pembeni, na nyingine ameshika kipepeo cha mkono karibu na jicho kama mtu anayeona haya.

Hatukiletei kisa hiki kumcheka. Tunakileta kwa sababu kinatufundisha namna ya kuchagua tukiwa watu wa kisiwani. Mtu anayeishi Dubai kwenyewe anauliza ipi inapendeza zaidi. Sisi tunaoishi ng'ambo ya maji lazima tuulize kwanza: ikiharibika, nitafanya nini nikiwa nyumbani Unguja?

Ya kulegeza ikiharibika haina dawa ya kuiondoa, lakini wakati wenyewe unairekebisha. Kope litarudi. Nyusi iliyopanda kama ya mwigizaji itashuka. Utaona aibu wiki kadhaa, basi. Ipo hatari kubwa zaidi, nayo ni dawa bandia au kipimo kilichopitiliza. Aprili 2024 Marekani ilitangaza wanawake wa majimbo kadhaa walioumwa baada ya kuchomwa sindano za namna hii, nyingine za bandia, na baadhi yao walichomwa majumbani na kwenye saluni na watu wasio na leseni. Wapo waliolazwa. Kwa hiyo shida ya kumeza, sauti kukwama, pumzi nzito au kuona viwili viwili si mambo ya kuvumilia. Ni hospitali saa hiyo hiyo, na useme umechomwa nini, hata mume na mashemeji wawe wamesimama hapo.

Ya kujaza ni kinyume chake. Inaweza kurekebishwa, lakini inahitaji mtu, dawa na saa. Uso una mishipa mingi ya damu. Ikiingia kwenye mshipa au ikaubana, ngozi inakosa damu. Inaanza kuwa nyeupe au ya madoadoa, inauma kuliko kawaida, na isiposhughulikiwa haraka hufa ikawa kidonda. Mara chache sana, lakini imetokea duniani zaidi ya mara moja, mtu amepoteza jicho kwa sababu mshipa wa uso unaungana na wa jicho. Hapo anatakiwa daktari mwenye hayaluronidasi mkononi, saa hizo hizo. Si kesho, na si kwa ujumbe wa sauti. Sasa wewe umechomwa saa tisa mchana, saa tatu usiku uko angani, alfajiri uko Kisauni kiwanja cha ndege unagombana na watu wa mizigo. Maumivu yanaanza. Utampigia nani?

Ndiyo maana tukamwambia: ya kujaza siku ya mwisho, hapana. Kama ni lazima, iwe siku ya kwanza ya safari, ukae mjini humo siku zako zote za kununua mzigo, na namba ya daktari uwe nayo ya usiku na mchana. Na ile ya katikati ya nyusi usikubali ijazwe hata kidogo, maana eneo hilo ndilo linalotajwa sana kwenye ajali za macho. Hapo ni ya kulegeza au hapana.

Kuna atakayesema, kwani mnamsukuma mtu Dubai kwa nini, si achome hapa hapa? Tungependa. Lakini dawa nyingi za kulegeza zinataka friji ya nyuzi joto 2 mpaka 8, tangu kiwandani mpaka kwenye ngozi yako. Xeomin kabla haijafunguliwa inavumilia joto la chumba, lakini chumba kisichozidi nyuzi 25, na kaskazi mnaijua wenyewe. Sisi tulikuwa kwenye mafunzo ya ushoni ule mwaka kisiwa kilipokosa umeme miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Cherehani za umeme zilikaa kama mapambo, tukakanyaga zile za mguu mpaka miguu ikavimba. Umeme sasa ni afadhali mno, alhamdulillahi, ila bado unakatika, na kichupa kilichokaa kwenye friji ya saluni pamoja na soda na hina hakitakwambia kilipitia nini. Mwenye kituo cha kweli chenye daktari aliyesajiliwa, jenereta na dawa zilizopita kwenye wakala wetu wa dawa hatuna neno naye. Anayechoma chumbani nyuma ya saluni tunalo. Na wale wanaouza kwenye simu kalamu za kusukuma dawa ya kujaza bila sindano, ujichome mwenyewe kitandani, hao Marekani ilishawatolea onyo mwaka 2021.

Pia kuna mtindo wa kutolewa damu yako mwenyewe, ikazungushwa kwenye mashine, ukarudishiwa usoni. Wanausifia kuwa ni wa asili. Damu ni yako kweli, lakini sindano je? Kwenye spa moja isiyo na leseni huko New Mexico, Marekani, wanawake walipata virusi vya ukimwi kwa huduma ya namna hii, na habari hiyo ilithibitishwa na wakuu wa afya wa nchi ile mwaka 2024. Tunaitaja kwa ufupi tu, maana hakuwa ameiuliza.

Akatuuliza la dini. Hapa tulirudi nyuma hatua moja, kwa sababu elimu yetu ni ya sekondari na cheti cha ushoni, na masheikh wapo. Tunachoweza ni kusimulia. Wanazuoni wengi wanatenga kati ya kutibu ila na kubadili umbo la Muumba kwa ajili ya pambo tu, na kwa hili la pili wanakumbusha makatazo ya chale na ya kuchonga meno. Baraza la fatwa la Malaysia mwaka 2006 lilisema Botox ya urembo haifai, wakataja shaka ya najisi katika utengenezaji, udanganyifu na madhara, wakairuhusu kwa matibabu chini ya mtaalamu. Wapo wengine wanaoruhusu kwa masharti kuwa haibadilishi umbo moja kwa moja, haina madhara wala haramu ndani yake, na haimdanganyi mtu. Ukienda kwa sheikh wako nenda na habari kamili: Botox, Dysport na Xeomin zote zina albumini ya damu ya binadamu, na nyingi za hayaluroniki za siku hizi hutengenezwa kwa bakteria, si kwa mnyama. Aliyeulizwa bila kuambiwa haya amejibu nusu ya swali.

Ila tuna la kwetu la kusema, mtusamehe. Wanaokemea sindano kwa ukali zaidi hapa mtaani ni kina mama ambao nyuso zao zimekwisha kwa mkorogo. Krimu zenye steroidi zinazouzwa bila cheti cha daktari huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, na ngozi nyembamba ndiyo inayokunjika. Mwanamume naye akipaka ndevu rangi nyeusi ti, tunamwambia kapendeza. Kwa hiyo tukikataza tukataze kwa haki.

Lililotusumbua sisi ni lile la udanganyifu. Umri wake amemwambia huyo bwana, miaka 44 kamili, hilo tunamsifu. Lakini tulimwambia: ukifika kwenye nikaha na paji laini, mwezi wa nne ndita zinarudi. Mwambie kabla. Akageuka kutoka kwenye kioo akatutazama.

"Mbona yeye hajaniambia meno yake mangapi ni ya kuweka?"

Wallahi hatukuwa na jibu. Tulicheka wote, lakini baadaye tukakaa tukafikiri, na bado tunaona amwambie. Si kwa sababu yeye ni mwanamke. Ni kwa sababu sindano hii si ya mara moja, ni gharama ya mara tatu kwa mwaka, na gharama ya namna hiyo itakuja kujulikana kwenye nyumba. Meno nayo ayaulize, kaka yupo.

Kuna jambo dogo ambalo hakuna kliniki iliyomwambia, nalo ni la sala. Baada ya ya kulegeza, madaktari wengi husema usilale, usiiname wala kukandamiza uso kwa muda wa saa nne hivi. Sasa sijda je? Mama yule wa harusi aliambiwa tu "usioshe uso" na akaogopa hata kutawadha. Maji hayana neno, udhu unatawadha kwa upole bila kusugua. Sala haisogezwi kwa ajili ya paji la uso, kwa hiyo miadi ndiyo isogezwe. Chukua saa mbili asubuhi. Saa nne zikitimia ni saa sita, na adhuhuri inakuja wewe uko huru kusujudu. Kisha muulize daktari wako na yeye, asikubaki njiani.

Mjamzito na anayenyonyesha asichome, hakuna haja ya sindano ya urembo kwenye hali hiyo. Mwenye ugonjwa wa udhaifu wa misuli aache kabisa ya kulegeza. Aliye kwenye sindano za gentamaisini angoje, maana dawa hiyo huongeza nguvu ya sumu ile. Mwenye ngozi inayofanya makovu ya kuvimba aseme mapema. Na sisi weusi tuna bahati yetu, makunyanzi hutuchelewea kwa sababu ya rangi yetu, lakini kila jeraha hutuachia doa jeusi linalokaa miezi, hivyo tundu moja la bure kwetu si la bure.

Basi jibu tulilompa ni hili. Kwa uso wake, ambao tunaujua kwa sababu tumeupima shingo na mabega miaka kumi, mkunjo wa kuvutwa anao mmoja tu, wa katikati ya nyusi. Mistari ya mdomoni ni hafifu, na tunadhani ameiona kwa sababu taa yetu ya dukani ni mbaya, inatoka juu. Kwa hiyo ya kujaza aiache. Ya kulegeza, kama sheikh wake na moyo wake vimeridhia, ni eneo hilo moja, siku ya kwanza ya safari, asubuhi, na isiwe chini ya mwezi kabla ya nikaha, ili kope likianguka lipate muda wa kunyanyuka. Aone kichupa kikifunguliwa mbele yake, apige picha jina na tarehe, aandikiwe yuniti ngapi na zimechomwa wapi. Daktari asiyetaka kuandika, atoke aende akanunue mzigo. Akiacha yote vilevile, gauni lake litampendeza.

Alinuna. Alitaka tumwambie jina moja, Juvederm au Botox, kama anavyotuuliza hariri au krepu. Siku tatu hakuleta salamu. Ya nne akaja, hakusema kitu cha sindano, akaomba shingo ya gauni ishushwe nusu inchi na mikono irefushwe. Tulipokuwa tunaandika, akaichukua ile karatasi ya vipimo mkononi mwetu, akaigeuza nyuma na kuomba kalamu.

"Lile la kichupa mlisemaje? Na lile la saa mbili asubuhi?"

Anaondoka Jumanne. Karatasi kaondoka nayo, imebidi tumpime upya mabega.